Gamba Si Ukoo: Mnyama wa Miaka Milioni 508 na Somo la Hifadhidata

Najua wengi wenu huja hapa kutafuta habari za programu, rununu na namna ya kuiponya tarakilishi iliyoshikwa na virusi. Leo naomba mnivumilie kidogo. Kwa majuma kadhaa nimekuwa nikisoma habari za mnyama aliyetoweka zamani sana, na nimeshindwa kumtoa kichwani. Anaitwa Odaraia alata. Aliishi baharini miaka milioni 508 hivi iliyopita, alivaa gamba la mapande mawili, na wataalamu wamebishana kwa zaidi ya karne moja kuhusu ukoo wake. Mimi ni mtu ninayekula kwa kupanga vitu katika majedwali. Ndiyo maana kisa chake kimenigusa.

Lakini kwanza tumjue mgeni mwenyewe.

UMBO LAKE

Chukua chapati uikunje mpaka kingo zake zikaribie kugusana. Lile bomba ulilopata ndilo gamba la Odaraia. Upande wa mgongo limeunganika, mbavuni limeteremka kulia na kushoto, kisha likajipinda na kukaribia kufunga tumboni. Ndani ya bomba hilo ndimo sehemu kubwa ya mwili wake ilimokaa. Urefu wake wote ulifika karibu sentimita 20. Leo hilo si jambo la kustaajabisha, lakini katika bahari ya wakati huo, ambamo wanyama wengi walikuwa wadogo kama kidole, huyu alikuwa bwana mkubwa.

Mwili wenyewe ulikuwa wa pingili nyingi, kama wa tandu. Alikuwa na zaidi ya jozi 30 za miguu, na kila mguu ulikuwa na matawi mawili: moja lenye viungo kama mguu wa kawaida, na jingine pana na jembamba mfano wa jani. Mbele, nje ya gamba, yalitokeza macho mawili makubwa. Nyuma, nje ya gamba tena, ulitokeza mkia wa mapezi matatu: mawili yamelala kulia na kushoto, na moja limesimama wima katikati. Ukiutazama mkia ule unakumbuka mkia wa ndege zinazotua Embakasi, na kazi ilikuwa ileile, yaani kuuzuia mwili usiyumbe wala kupinduka.

Sasa fikiri kama fundi. Miguu yote imefungiwa ndani ya bomba, haiwezi kugusa mchanga. Basi huyu hakuwa wa kutembea chini ya bahari. Alikuwa muogeleaji. Derek Briggs, aliyemchunguza upya na kuandika habari zake mwaka 1981, alipendekeza kwamba aliogelea chali, miguu ikielekea juu. Miguu ilikuwa na miiba mingi, na utafiti wa mwaka 2024 unasema miiba hiyo ilisaidiana kuwa kama wavu: maji yanaingia mbele ya bomba, chakula kinanaswa, maji yanatokea nyuma. Kwa hiyo alitembea na juya lake mwenyewe ndani ya nguo.

ALIVYOPATIKANA

Mwaka 1909 Mmarekani Charles Doolittle Walcott, mkuu wa taasisi ya Smithsonian, aligundua visukuku vya ajabu katika milima ya British Columbia, Kanada. Miamba ile inaitwa Burgess Shale. Katika miaka iliyofuata alikusanya vipande vipatavyo 65,000. Odaraia alipewa jina mwaka 1912, na jina hilo linatokana na mlima Odaray ulio katika eneo lilelile. Alata ni Kilatini, maana yake "mwenye mabawa".

Kinachofanya miamba ile iwe hazina ni kwamba wanyama walifunikwa na tope laini kwa ghafla, kabla hawajaoza. Kwa kawaida kisukuku ni mfupa au kombe tu. Huko wamehifadhika hata macho, utumbo na miguu myembamba. Tatizo ni moja. Wote wamelaliwa na mwamba mpaka wamekuwa bapa kama ua lililosahauliwa ndani ya kitabu. Huyu amebanwa ubavu, yule amebanwa mgongo, mwingine amekaa mshazari. Mtaalamu lazima akusanye vielelezo vingi, avipige picha chini ya taa za aina mbalimbali, achimbe taratibu kwa sindano, kisha ajenge akilini mwili ulio mzima. Ni sawa na kupewa picha za skrini za programu ambayo huna msimbo wake, ukaambiwa: tueleze ilivyofanya kazi.

Na gamba, jamani, ndilo gumu kuliko yote. Linaonekana kwanza, linahifadhika vizuri, na linafunika kila kitu unachohitaji kukiona. Chini yake mdomo unafichika, na mdomo ndio wenye siri.

KAPU LA "WENYE MAGAMBA MAWILI"

Arithropodi, wale wanyama wenye miguu ya viungo na ngozi ngumu, wamegawanyika leo katika makundi makubwa unayoyajua hata kama hujawahi kuyasoma darasani. Kuna wadudu, kama nzige na siafu. Kuna gegereka, jamii ya kamba na kaa. Kuna tandu na majongoo. Na kuna buibui, nge na kupe. Makundi matatu ya kwanza yana kitu kimoja cha pamoja: jozi ya taya za kutafunia, zilizotokana na miguu ya zamani iliyogeuzwa kazi. Wataalamu huwaita kwa pamoja Mandibulata, yaani wenye taya. Buibui na wenzake hawana taya hizo. Wao mbele ya mdomo wana viungo vilivyo kama koleo au meno ya sumu. Kwa hiyo ukitaka kujua arithropodi fulani ni wa nani, mtazame mdomoni.

Ila kwa wanyama wa Burgess Shale wenye gamba la mapande mawili, mdomo haukuonekana vizuri. Basi kwa muda mrefu wengi walizoea kuwataja kwa pamoja: "arithropodi wenye magamba mawili". Jina hilo linasema tu walivyovaa. Halisemi walizaliwa na nani.

Kuhusu ukoo, maoni yalikwenda na kurudi. Mwaka 1978 Briggs alimchunguza Canadaspis, mmoja wa wenye magamba hayo, akasema ni gegereka. Baadaye wengine walipinga. Mwaka 2012 David Legg na wenzake walieleza mnyama mwingine wa aina hiyo, Nereocaris, wakawaweka wengi wa kundi hili karibu na shina la mti, kabla arithropodi wa leo hawajagawanyika. Usidhani ni mabishano ya watu wasio na kazi. Wakiwa shinani, basi hadithi ya mwanzo wa arithropodi wote ni hadithi ya waogeleaji waliovaa magamba. Wakiwa tawini, pamoja na wenye taya, basi ni ndugu wa zamani wa kamba wa Malindi na siafu wa Kakamega, na hawatuambii mengi kuhusu shina. Weka kundi hili hapa au pale, na historia nzima inaandikwa upya.

Jibu lilianza kuja mwaka 2017. Cédric Aria na Jean-Bernard Caron walimtangaza Tokummia katalepsis, aliyechimbwa Marble Canyon, kiasi cha kilomita 40 kutoka machimbo ya Walcott. Alikuwa na urefu wa sentimita 10 hivi, gamba la mapande mawili, pingili zaidi ya 50, na mikono ya kubania kama ya kaa. Muhimu kuliko yote, alikuwa na taya pana zilizoonekana wazi. Ushahidi huo uliwavuta Canadaspis na wenzake upande wa wenye taya. Mwaka 2018 Waptia naye alionyeshwa kuwa na taya. Na mwaka 2024 Alejandro Izquierdo-López na Caron, wakitumia visukuku vya Jumba la Makumbusho la Royal Ontario mjini Toronto, wakaonyesha taya za Odaraia mwenyewe. Tangu Walcott ampe jina mpaka hapo ilikuwa imepita miaka 112.

KLASI NA INTAFESI

Hapa ndipo mwanaprogramu ndani yangu alipoamka. Maana wako wengine wenye gamba la mapande mawili ambao si wa ukoo huu kabisa. Isoxys, aliyeishi kipindi hichohicho cha Kambri, ana gamba lenye miiba mirefu mbele na nyuma, na kwa mbali ungedhani ni binamu wa Odaraia. Lakini mbele ya kichwa ana viungo viwili vya kukamatia mawindo na taya hana. Yeye yuko karibu zaidi na shina. Na leo hii wapo ostrakodi, wanyama wa majini wadogo kama punje ya ulezi au chini ya hapo, wanaojifungia ndani ya mapande mawili kama chaza. Ziwa Tanganyika lina aina nyingi za ostrakodi ambazo hazipatikani kwingine duniani. Hao nao ni gegereka wa tawi lao wenyewe.

Kwa lugha yetu ya kazi, gamba si klasi ya kurithi. Gamba ni intafesi. Ni orodha ya huduma: linda mwili, elekeza maji, ficha miguu. Klasi yoyote inaweza kuitekeleza bila kuwa na mzazi mmoja na nyingine. Na huduma zenyewe hutofautiana. Odaraia alilitumia kama bomba la kupitishia maji. Waptia alilitumia hata kulea: mwaka 2016 Caron na Jean Vannier walionyesha visukuku vya Waptia vyenye mayai chini ya gamba, mayai ya kipenyo cha milimita 2 hivi, viinitete vikiwa ndani. Mama aliyebeba wanawe kabla nchi kavu haijawa na mti hata mmoja! Ukiniuliza, hilo peke yake linatosha kumheshimu.

Taya, kwa upande mwingine, ni kitu cha kurithi. Kuanzia pingili ipi zimetokea, zimekaa wapi ukilinganisha na mdomo, ni miguu gani iliyofuata, yote hayo ni kama historia ya mabadiliko ndani ya msimbo. Ni vigumu watu wawili wasiojuana waandike mistari ileile kwa mpangilio uleule.

MTI NA HESABU ZAKE

Labda unajiuliza, wanajuaje mti upi ni sahihi? Wanatumia jedwali, kama sisi. Kila mnyama ni safu, kila sifa ni nguzo. Ana taya? 1. Hana? 0. Halafu programu inatafuta mti unaoeleza jedwali hilo vizuri zaidi. MrBayes ni mojawapo, iliyotoka mwaka 2001, na TNT ni nyingine inayotumika sana.

Kazi hiyo inatisha kwa hesabu. Wanyama 3 wanaweza kupangwa katika miti 3. Wanyama 4, miti 15. Wanyama 5, miti 105. Wanyama 10, miti 34,459,425. Tarakilishi inayokagua miti milioni moja kwa sekunde ingemaliza hiyo kwa nusu dakika. Lakini wanyama wakifika 20, miti inakuwa zaidi ya 8 ikifuatwa na sufuri 21. Tarakilishi ileile ingehitaji miaka milioni 260, yaani nusu ya muda uliopita tangu Odaraia aogelee. Kwa hiyo programu haikagui yote. Inaanza na mti mmoja, inakata tawi na kulipandikiza kwingine, inapima, inaendelea. Ndiyo maana ubora wa jedwali ni jambo la kufa na kupona.

Na katika jedwali hilo kuna alama mbili nilizozipenda sana. Moja ni alama ya kuuliza: sifa hii hatuijui kwa mnyama huyu, labda mwamba umeificha. Nyingine ni kistari: sifa hii haimhusu, kama vile kuuliza umbo la taya za mnyama asiye na taya. Kutojulikana, kutohusika na kutokuwepo ni mambo matatu tofauti. Taya za mnyama zikiwa zimefunikwa na gamba, mtaalamu mwaminifu haandiki 0. Anaandika alama ya kuuliza, na kusubiri, hata kama ni kwa miaka 112. Angeandika 0, programu ingeamini kwamba taya hazikuwepo, na ingemtupa mnyama huyo kwenye tawi lisilo lake bila kumuuliza mtu.

SHANGAZI NA SUFURI

Sasa nikwambie kwa nini alama ile ya kuuliza imenishika koo. Miaka michache iliyopita nilifanya kazi katika kampuni moja, jina naliacha, iliyokopesha watu pesa kupitia rununu. Shangazi yangu anauza omena kule Mbita, kazi aliyoifanya tangu sijazaliwa. Aliomba mkopo wa shilingi 20,000 anunue mzigo na nyavu za kuanikia. Alikataliwa. Aliomba tena, akakataliwa tena. Akanipigia.

"Mwanangu, hiyo tarakilishi yenu inanijua mimi ni nani?"

Niliangalia rekodi yake. Kazi: "Mengineyo", kwa kuwa orodha ya kazi haikuwa na mchuuzi wa samaki. Mapato ya mwezi: 0. Nikamuuliza alimwambia nini karani aliyemsajili.

"Aliniuliza napata ngapi kwa mwezi. Nikamuuliza, mwezi upi, wa kalenda au wa angani? Maana omena huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwa kubwa hatupati kitu. Akacheka, akaniambia basi tuendelee."

Karani aliacha nafasi wazi. Mfumo, uliojengwa kabla sijaajiriwa, uligeuza kila nafasi iliyo wazi kuwa sufuri. Kisha ile programu ya kupima wakopaji ikasoma sufuri hiyo kama ukweli: huyu mama hana kipato. Mama aliyesomesha watoto watano kwa omena! Nilipochimba zaidi nikakuta yeye ni mmoja kati ya maelfu. Wachuuzi, mafundi wa baiskeli, wasusi, wachimba mchanga, wote wamo katika kapu moja la "Mengineyo", wote wana sufuri. Hawakufanana kwa lolote ila kwa jambo moja: fomu haikujua kuwauliza.

Nilipeleka jambo hilo kwa wakubwa. Niliambiwa kundi hilo ndilo lenye hatari na takwimu ndizo zinasema hivyo. Nikasema takwimu zinasema tulichoziambia. Nilirudi mara tatu. Mwishowe walikubali kuwe na thamani ya tatu, "bado haijulikani", na kwamba anayeipata apigiwe simu na mtu badala ya kukataliwa na mashine. Ilichukua miezi saba. Shangazi hakungoja. Alikwisha kukopa kwenye chama cha akina mama wenzake, watu ambao hawana jedwali lakini wanajua mwezi ukiwa mdogo omena huja.

Wahenga walisema, usilolijua ni usiku wa giza. Naona hawakusema ni sufuri. Katika giza kuna vitu, ila hujaviona bado. Wachunguzi wa visukuku wanajua hivyo, na mnyama wao hana haraka, wala hatakosa ada ya shule kwa sababu ya jedwali. Sisi tunaoandika programu za watu walio hai tuna sababu kubwa zaidi ya kuwa waangalifu kuliko wao. Kila orodha ya machaguo tunayoiandika ni mti wa ukoo. Kila "Mengineyo" ni kapu la wenye magamba, watu tuliowaona kwa nje tukachoka kabla hatujafika mdomoni.

Basi nikuachie kazi ndogo. Kama unatunza hifadhidata yoyote, ya kanisa, ya saco, ya zahanati au ya duka, ifungue leo. Tafuta kundi la "Mengineyo" uhesabu wamo wangapi. Halafu tafuta sufuri, ujiulize ni ngapi kati yake ni sufuri za kweli na ngapi ni alama za kuuliza zilizovalishwa gamba. Ukipata la kushangaza, niandikie, tutalizungumza. Wiki ijayo Mungu akipenda tutarudi kwenye habari zetu za kawaida, na wale mlioniomba maelezo ya kuhifadhi nakala za data, sijawasahau.

Kaeni salama.